Maoni ya Dobi Kuhusu Msimu wa Pili

Sehemu ya nne ilipokwisha, watazamaji walikuwa wameshagawanyika kambi mbili na hakuna aliyekuwa tayari kulegeza msimamo. Msimu wa pili wa Ngome ya Majivu ulikuwa ukitoka kila Jumamosi alasiri, na kila Jumamosi alasiri, majina ya wachoraji yakishapita tu, kundi la watazamaji kwenye simu lilichemka. Aliyejiita Upanga Butu alisema huu ndio msimu wenyewe, ule wa kwanza ulikuwa wa kunyoosha viungo tu. Pepo Mstaafu akamjia juu: giza limezidi, yeye ameangalia vita nzima bila kuona nani anamkata nani, bora angesikiliza redio. Mwingine akalalamika kwamba Mfalme wa Mapepo wamemchora mzuri mno, sasa watu wanamwonea huruma badala ya kumwogopa. Shangazi wa Mapepo, ambaye ndiye aliyekuwa akiweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha kwa mapenzi yake tu, akawaambia wote wapunguze jazba, bado kuna sehemu nane.

Dobi alisoma yote, neno kwa neno, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, hapo hapo alipoiangalia sehemu yenyewe kwenye simu. Naye alikuwa na lake, tena lilikuwa linamwasha.

Usiniulize mtu mwenye miaka hamsini na duka la kufua na kupiga pasi anatafuta nini kwenye anime za mapepo. Wateja wake walishamuuliza mpaka wakachoka. "Dobi, na mvi zote hizo, katuni?" Naye hujibu, "Katuni ni hiyo sura yako, lete shati." Lakini hakuanza yeye. Aliyeanza ni mkewe.

Mkewe alikuwa amesoma, tena lugha za watu. Dobi mwenyewe aliishia shule ya msingi, na tangu wafunge ndoa alimwita Kamusi. Barua ikija, Kamusi. Dawa ina maelezo yasiyosomeka, Kamusi. Msimu wa kwanza ulipotoka, maandishi ya chini yalikuwa ya kigeni matupu, basi Kamusi akawa anamsomea kwa Kiswahili. Meza ya pasi ilitazama dirisha, kwa sababu mkunjo wa kola hauonekani bila mwanga wa pembeni, na runinga ilikuwa kwenye ukuta wa kando, nyuma ya bega lake. Dobi hakugeuka. Pasi haina mchezo: ukipeleka shingo nyuma kumtazama pepo, ukirudi koti la mtu lina alama ya kahawia mgongoni. Kwa hiyo Kamusi alikaa kwenye kochi, kapu la soksi miguuni, akamsomea sehemu zote kumi na mbili. Mfalme wa Mapepo alimpa sauti nzito mpaka akakohoa. Shujaa alimsemea puani. Binti wa Mnara, mke wa Shujaa, yule aliyefungiwa juu akimsubiri mumewe arudi vitani, alimsomea kwa sauti yake ya kawaida.

Halafu, miezi sita iliyopita, Kamusi akafunga virago. Dobi alikuwa amepeleka sare za wauguzi, akarudi akakuta kabati nusu tupu na chakula chake kimefunikwa mezani. Hawakuwa wamegombana. Hampigi, halewi, hana mwanamke wa nje. Huo ndio wimbo aliouimba kwa kila aliyekuwa na masikio. "Kaondoka bila kuniambia neno," aliwaambia majirani, na wateja wakapokea nguo zao, wakampa pole, wakaenda. Alimpigia dada mkubwa wa Kamusi, ambaye ndiye aliyempokea. Huyo hakuwa na maneno mengi. "Shemeji, muulize mwenyewe."

Akamuuliza mwenyewe.

"Nilikuambia," alisema Kamusi, na hakuongeza hata nukta.

Uongo mtupu! Aliambiwa lini? Dobi alipekua kumbukumbu zake namna anavyopekua mifuko ya suruali kabla ya kuiloweka, mfuko kwa mfuko, hakuona kitu. Ndipo jambo hilo likamkaa rohoni. Alitaka kujua aliambiwa nini, na siku gani. Akilijua hilo, alijiambia, anajua pa kuanzia, na mkewe atarudi. Mengine yote alikuwa anayafanya kwa mazoea tu: anapika cha watu wawili, anakula cha mmoja, anamwaga. Nyumba ilikuwa kimya hadi akawa anaisemesha pasi. Nasema hivi si kwa kumcheka. Upweke ulimkaba mtu yule, na kundi la watazamaji ndipo mahali pekee palipokuwa na watu wanaozungumza mambo aliyokuwa akizungumza na mkewe.

Kwa hiyo Jumamosi ile alijikaza. Jina lake kule lilikuwa Pasi Moto. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu:

"Mimi nasema wazi, msimu wa pili wameuharibu. Binti wa Mnara wamemfanya bubu. Msimu wa kwanza mwanamke alikuwa na maneno yule! Shujaa akirudi tu, anasutwa. Sasa sehemu nne nzima kakaa dirishani, hata kukohoa hakohoi. Mturudishie Binti wetu."

Loo! Kama alikuwa anataka watu, aliwapata. Vikaragosi vya kucheka vilishuka mpaka simu ikapata moto.

"Mzee, wewe umeangalia katuni gani?" aliandika Upanga Butu. "Binti hana ulimi. Ulikatwa sehemu ya kwanza, dakika ya tatu."

"Huyu msimu wa kwanza kauangalia amelala," akadakia Pepo Mstaafu.

Dobi akawaka. Yeye, aliyesikia sehemu zote kumi na mbili bila kuruka hata moja, aambiwe alilala! Akawamwagia ushahidi. Sehemu ya tano, aliandika, Shujaa anarudi na damu mpaka viwikoni, na Binti anamwambia: "Unajua leo nimeongea na nani? Na kuta. Na kuta zinajibu kuliko wewe." Bishaneni na hilo! Sehemu ya saba, habari ya barua. Sehemu ya kumi, habari ya kulia. Akaandika yote anayoyakumbuka, na aliyakumbuka vizuri, maana yalimchekesha sana wakati ule.

Kundi likapoa. Hakuna aliyecheka tena. Baada ya muda Shangazi wa Mapepo akajibu, na unaweza kuona kwamba alichagua maneno.

"Pasi Moto, hayo hayamo. Msimu wa kwanza nimemaliza kuuwekea Kiswahili wiki iliyopita, nimeupitia picha kwa picha. Binti wa Mnara hasemi hata neno moja, mwanzo mpaka mwisho. Lakini hayo uliyoandika ni mazuri kuliko yaliyomo. Ulisomewa na nani?"

Chini yake akaweka kiungo cha msimu wote, ajionee.

Dobi akazima simu. Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Aliamka, akachomoa pasi kwenye umeme, akafunga mlango wa duka ingawa kulikuwa na magauni matatu ya harusi yanayosubiri, na akakaa kwenye kochi, akafungua kile kiungo. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa pale akaangalia kitu. Kutoka kwenye kochi, meza ya pasi inaonekana yote, na mtu akisimama mezani unamwona mgongo tu.

Dakika ya tatu, kweli, wakamkata Binti ulimi. Dobi aliikumbuka dakika hiyo. Alisikia kelele za kutisha, akauliza nyuma kuna nini, na Kamusi akamwambia, "Wanapigana tu, endelea." Basi akaendelea.

Sehemu ya tano Shujaa alirudi na damu mpaka viwikoni, kama alivyosomewa. Akakaa, akaanza kusugua upanga wake, mgongo kwa mkewe. Binti wa Mnara akamtazama. Picha ilikaa pale pale muda mrefu, upepo unavuma, na chini hapakuwa na maandishi yoyote. Dobi alisubiri maandishi. Badala yake aliisikia sauti ya Kamusi kichwani, tena wazi kabisa: na kuta zinajibu kuliko wewe. Na akakumbuka alivyojibu yeye, akinyunyiza maji kwenye kola. "Huyu mwanamke ana mdomo huyu!"

Akaendelea kuangalia.

Sehemu ya saba: Binti yuko dirishani, kimya. Hapo Kamusi alisoma, "Niliandikiwa barua nikafundishe mji mwingine, nikakataa kwa ajili yako, na mpaka leo hujaniuliza ilikuwa inasema nini." Dobi alicheka siku ile mpaka akaweka pasi pembeni. Alisema, kumbe hata mapepo wana posta? Kamusi naye alicheka, au alitoa sauti ambayo mtu aliyempa mgongo angeidhani kicheko. Barua yenyewe Dobi aliikumbuka sasa. Bahasha ya rangi ya udongo. Ilikaa kwenye rafu chini ya runinga wiki mbili, na yeye aliisogeza mara moja, akifuta vumbi.

Sehemu ya kumi: Binti amejilaza sakafuni, kimya. "Mwezi huu nimelia siku nne, na siku zote nne ulikuwa chumba hiki hiki."

Ilipofika sehemu ya kumi na mbili jua lilikuwa limezunguka upande wa pili wa nyumba. Binti wa Mnara akashuka ngazi, akafika mlangoni, akasimama. Shujaa yuko nje, amempa mgongo, anawatazama maadui wanaokuja. Binti hana ulimi, hawezi kumwita. Alisimama tu. Na Kamusi alikuwa amesoma hivi, pole pole: "Nimechoka, mume wangu. Nikiondoka, utajua?"

Laiti angenyamaza siku ile! Lakini hapana. Alikuwa na suruali ya mtu mezani, amepanga mikunjo miwili ikutane, mvuke unampanda usoni, na akatoa maoni yake ya mtazamaji. "Aende zake, bwana. Shujaa atapata mwingine asiyelalamika."

Nyuma yake Kamusi akasema, "Sawa."

Na Dobi, Mungu amsamehe, alidhani hata hiyo "sawa" ni ya Binti wa Mnara.

Akalia. Sikufichi, alilia kwa sauti, mtu mzima. Alipomaliza alinawa uso na kupiga simu, na ilikuwa bado mchana, watoto wa jirani wanapigizana kelele nje.

"Halo."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Nimeangalia msimu wa kwanza," alisema Dobi. "Wote. Nimekaa kwenye kochi nikaangalia." Akaendelea. "Binti wa Mnara hasemi."

"Hasemi," alisema Kamusi.

"Yale maneno yalikuwa yako."

Alimsikia akivuta pumzi. Akataka kuongeza, kuomba msamaha, kumweleza habari ya bahasha, lakini alijizuia, akauma mdomo, akangoja. Kamusi alipoongea, sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, imesogea karibu. Miezi sita alikuwa hajaisikia hivyo.

"Umejuaje?" aliuliza.

Angeweza kudanganya. Angesema amelala akaota, amekaa akafikiri, ameyaunganisha mwenyewe usiku na mchana. Lakini kudanganya hajui, na labda alidhani ukweli ndio utakaomsaidia.

"Kuna kundi la watazamaji kwenye simu," alisema. "Nilitoa maoni yangu, wakanicheka. Wao ndio walioniambia."

Kwa mbali Dobi alimsikia shemeji yake akiuliza kitu, na Kamusi akimwambia ngoja.

"Watu," Kamusi akasema. "Sehemu kumi na mbili niko hatua tatu nyuma yako. Na bado umengoja uje uambiwe na watu."

"Mke wangu..."

"Kaa salama."

Akakata. Hakubamiza, hakufoka, alikata taratibu tu. Ingekuwa hasira, Dobi angejua la kufanya, maana hasira hupoa. Alibaki kwenye kochi na simu sikioni, akisikiliza.