Anayeshuka Peke Yake

Krr, krr, kimya, halafu krr tena. Gizani nilijua ni mume wangu anasugua mshumaa kwenye zipu ya begi lake, isije ikagoma kwa baridi ya mlimani. Yeye ni mpagazi. Safari hii mgeni anayetaka kupanda aliwatafuta mwenyewe, mume wangu, wenzake na kiongozi wao, bila kupitia kampuni. Mgeni alikubali kuwakatia bima, ila akataka mtu wa huku aende kwa wakala kuhakikisha. Kiongozi akanitupia mimi: "Shemeji, si wewe unasoma jioni? Haya, tusomee."

Walikuwa waondoke keshokutwa. Nikamuuliza mume wangu, Baba Kadogo, hapohapo gizani, kazi yake huko juu inakwendaje. Miaka yote namfulia soksi, sijawahi kuuliza. Akasema hubeba chakula. Kikishaliwa, mgongo wake hauna kazi tena, basi kiongozi humruhusu ashuke zake, wengine wakiendelea juu na mgeni.

"Unashuka na nani?"

"Na miguu yangu," akasema, akacheka.

Usingizi ukaniruka.

Ofisi ya wakala wa bima iko juu ya duka la rangi, na asubuhi harufu ilipanda ngazi pamoja nasi, mimi na binti yetu Kadogo. Wakala, dada mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alinieleza vizuri: kuvunjika, kuugua, kushushwa kwa machela. Bima inaanza kwenye lango la mlima, inaisha kazi ikiisha. Nikauliza, kazi ya mbeba chakula inaishia wapi? Akanitazama kama nimemuuliza upepo unalala wapi. Si wanashuka wote na mgeni?

Nikamweleza. Akavaa miwani. Sasa yeye ndiye akawa muulizaji: anapita njia ipi, akiteleza nani atajua? Swali lake likazaa langu, langu likazaa lake, mpaka tukawa tunacheka kama mawifi wanaopatana. Kisha akampigia bosi wake, kicheko kikakatika. Kwa bosi, aliyeruhusiwa na kiongozi kushuka hayuko kazini tena, ni mpita njia tu.

Nikamwomba wakala amuulize: huyo mpita njia, nani alimpeleka kule juu?

Wakala akamrudishia swali hilo simuni. Halafu bosi akakubali bima imfuate mpagazi mpaka langoni, kwa sharti asishuke peke yake. Wawe wawili.

Jioni kiongozi alikuja, akanung'unika. Akimwachia na wa pili ashuke, mahema abebe nani?

"Nimekutuma bima, shemeji, umeniletea sheria."

Nikamgeukia mume wangu, nikamuuliza kama amewahi kuanguka akishuka. Aliinamia viatu vyake.

"Mara moja. Nilikaa palepale mpaka wapagazi wa watu wengine wakapita."

Hakuwa ameniambia. Kumbe hata kiongozi hakuwa amemwambia, maana yule alikaa chini bila kukaribishwa, akakuna kichwa, akaanza kupanga mizigo kwa vidole juu ya meza yetu. Mwishowe akasema chakula atakigawa kwa wawili, nusu huyu nusu yule, na mahema yagawanywe hivyohivyo kwa waliobaki. Chakula kikiisha, wawili hao watashuka pamoja.

Nikamshukuru. Kadogo, aliyekuwa amejilaza pajani pangu tukidhani amelala, akainua kichwa akamtazama baba yake.

"Baba atarudi na mwenzake."