Sauti Hutolewa na Mmoja

Uma wa chuma wa kupimia sauti uligongwa gotini, ukapanda sikioni, na kanisa zima likanyamaza. Hata watoto wachanga, wasiojua zaburi wala mahubiri, walikuwa wamekwisha kujua kwamba wakati huo mtu halii. Mwalimu wa kwaya alisimama wima kama mwimo wa mlango, macho ameyafumba, uma ukimnong'oneza jambo ambalo yeye peke yake alikuwa na haki ya kulisikia. Kisha akafumbua macho, akawagawia waimbaji wake sauti, kila safu na fungu lake: "Do. Sol. Mi. Do." Ndipo mikono ikainuka.

Hivyo ndivyo ibada ilivyokwenda katika kanisa lile tangu nywele za mwalimu zilipokuwa nyeusi. Mwito, zaburi, ungamo, tangazo la msamaha, Neno, maombi, baraka, na Amina ya kuimbwa. Kila kitu mahali pake, kama vidole vya mkono. Siku za kazi mwalimu alikuwa seremala. Viti vya kanisa vyote vilipita chini ya randa yake, naye aliamini kwamba ibada isiyo na utaratibu ni sawa na kiti kilichopungukiwa mguu: aketiye juu yake hamfikirii Mungu, hufikiria kuanguka.

Kanuni yake kuu waimbaji waliijua kuliko majina ya wajukuu wao: sauti hutolewa na mmoja. Hapana mwimbaji kujaribu noti kwa mdomo uliofumbwa, hapana kumdokezea jirani. Fundi cherehani wa sauti ya nne alithubutu mara moja, akahamishiwa viti vya waumini mpaka msimu wa mvua ukaisha.

"Nimetubu, Mwalimu," alisema aliporudishwa. "Lakini hata jogoo hukohoa kwanza kabla ya kuwika."

"Jogoo hajakabidhiwa zaburi," mwalimu alimjibu, wala hakucheka.

Ikatokea Jumapili moja mkewe, kiongozi wa sauti ya pili, akalala nyumbani kwa homa. Mwalimu alimwekea dawa na maji kando ya kitanda, akafunga tai yake, akaenda.

Aligonga uma, akasikiliza, akatoa sauti. Waimbaji wakatazamana. Aliona kutazamana kule, akakuhesabu kuwa utovu wa adabu, akainua mikono. Zaburi ikaanzia juu mno, na zaburi yenyewe ilikuwa ya kupanda. Mstari wa kwanza waliuvuka kwa ncha za vidole. Wa pili, mishipa ya shingo ikawasimama. Katika wa tatu sauti ya kwanza ilikatika kama uzi uliovutwa na mtu mwenye haraka. Sauti ya nne iliendelea kidogo peke yake, ikaona haya, ikanyamaza.

Mchungaji alingoja, kisha akafungua Biblia, akaisoma zaburi iliyosalia kwa utulivu, kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Mwalimu aliishusha mikono yake, asijue pa kuiweka.

Baada ya ibada, katibu wa Baraza la Wazee alimfuata katika chumba cha kwaya, kofia mkononi.

"Mwalimu, wazee wameshauriana. Jumapili ijayo ni Meza ya Bwana. Tumeona zaburi isomwe tu, isiimbwe, mpaka watu wapumzike kidogo."

"Kwaya yangu haijachoka."

"Hatukuitaja kwaya, ndugu yangu."

Mwalimu alimtazama mpaka kofia ikazungushwa mara kadhaa mikononi mwa mwenyewe. "Meza ya Bwana haijapata kuandaliwa hapa bila zaburi ya kuimbwa. Itaimbwa. Ikiharibika, uma huu nitauleta mwenyewe mbele ya Baraza, na hamtaniona tena mbele ya safu hizi."

"Umesema," alijibu katibu, akatoka.

Mwalimu akawageukia waimbaji. "Mmesikia. Sasa nani aliyeipotosha sauti niliyoitoa?"

"Haikupotoshwa, Mwalimu," alisema fundi cherehani. "Sauti uliyotupa leo ilihitaji ngazi."

Kicheko kilizuka, kikafa upesi. Aliyesimama ni muuguzi mstaafu, kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke asiyejua kufunga donda bila kulisafisha kwanza.

"Utusamehe, Mwalimu. Sisi sauti huichukua kwa Mama."

"Mama yupi?"

"Mama wa nyumbani kwako. Wewe ukishatoa yako, yeye huimba iliyo sawa, mdomo umefumbwa, chini kwa chini. Sote humfuata yeye. Leo hakuwapo."

Mwalimu alichukua kitabu chake cha zaburi, akawaaga kwa jina la Bwana, akaondoka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliingia karakanani, ingawa ilikuwa Jumapili, akaugonga uma akauweka sikioni. Kimya. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi. Kimya kilekile. Akausimamisha juu ya ubao uliokuwa mezani, na ubao ukamtetemea vidoleni kama mzinga wenye nyuki. Vidole vilisikia, sikio halikusikia. Kumbe kwa muda mrefu mazoea ndiyo yaliyomsikilizia, na sasa mazoea nayo yalikuwa yamezeeka. Alitazama msumeno wa umeme pale ukutani. Ulikuwa umemlisha miaka yote, na huku nao ukimla masikio kidogo kidogo.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, khanga begani, homa imeshuka.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza akiwa bado mlangoni.

Mke hakujifanya haelewi. "Tangu ulipoanza kuniambia nisinong'one nikiwa nasema."

"Na kanuni unaijua."

"Naijua. Nipeleke kwenye Baraza la Wazee, nitawapikia chai wakinihukumu."

"Sifanyi mzaha, mama watoto. Umeniacha nisimame mbele ya watu kama kinyago."

"Kinyago hakishiki mapigo, baba watoto. Mikono yako haijakosea hata siku moja. Wakivuta pumzi, ni wewe. Wakilainisha, ni wewe. Kilichokuhama ni kitu kidogo kama sisimizi. Nikaona nikibebe tu, njia ni yetu sote."

"Ungeniambia."

"Ungeacha. Kisha Jumapili ungeranda nini, hasira zako?"

Alikaribia kutabasamu, akajizuia. Kwa juma zima hakuzungumzia jambo lile tena. Alikuwa akitengeneza meza ya mteja, na katika kila kiungo alipoingiza ulimi wa ubao mmoja ndani ya tundu la mwenziwe, alikawia kuliko ilivyohitajika, akiupapasa mshono kwa kidole gumba. Hapakuwa na msumari. Hakuwahi kukubali msumari mahali ambapo ubao waweza kushikwa na ubao.

Jumamosi mkewe aliuliza, "Kesho nifanye nini?"

"Kaa mahali pako."

Kulipokucha, Meza ya Bwana ilitandikwa kitambaa cheupe, wazee wakiwa wameketi pande zote mbili, katibu miongoni mwao, kofia magotini. Mchungaji alitamka mwito wa ibada. Waumini wakasimama. Mwalimu alikwenda mbele ya safu zake, wima kama siku zote, akautoa uma mfukoni.

Akaugonga gotini. Kanisa likanyamaza.

Uma haukupanda sikioni mwake. Aliubeba mbele yake kama mtu abebaye mshumaa penye upepo, akapita mbele ya sauti ya kwanza, akafika safu ya pili, akauinamisha penye sikio la mkewe. Muuguzi alitazama chini. Katika viti vya wazee, kofia iliacha kuzunguka.

Mke alimtazama mumewe machoni, akiuliza bila neno. Mumewe hakuyakwepa macho yake. "Toa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma.

Naye akaitoa, mdomo wazi, bila kunong'ona: "Do. Sol. Mi. Do."

Mwalimu alirudi mahali pake. Aliegemeza vidole juu ya ukingo wa kiti cha kwaya, ubao alioupiga randa kwa mkono wake mwenyewe, mpaka alipoukuta mtetemo wa sauti ambayo mkewe alikuwa bado ameishikilia. Kisha akainua mikono, na kanisa zima, wazee kwa waumini, likavuta pumzi.