Waya Juu ya Mkanda

"Gusa," Kebaso akasema.

Chepkorir, mmoja wa wanawake wa kiwandani, akanyoosha mkono wake ambao mashine ilikuwa imeuachia vidole vitatu, akaugusa waya uliopita juu ya mkanda unaobeba majani ya chai. Aliugusa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Ndani ya kisanduku cha ukutani rilei, swichi ya kukata umeme wa mashine, ikalia tak! Mashine ya kukata majani ikanyamaza.

Wanawake wa mkanda wakashangilia. Kebaso, fundi wa umeme wa kiwanda hicho karibu na Sotik, nusura alie. Alikuwa amehangaika miezi miwili. Mguso wa waya ulipita upesi kuliko kupepesa jicho, na rilei ni kitu kivivu: kabla haijaamka, umeme umeshakwenda. Mwishowe alifungua redio yake mwenyewe, akatoa transista ya kuupokea mguso mdogo kama huo na kapasita ya kuushikilia sekunde mbili, mpaka rilei iamke. Huo ulikuwa mwaka wa 1971, na redio ilikuwa fahari ya nyumba. Mkewe Sellah alimnunia wiki nzima.

Meneja hakuitazama rilei. Alitazama saa yake. "Dakika nne majani nakaa bure," alisema kwa Kiswahili chake cha mgeni. "Mashine nasimama bila sababu mara moja tu, mimi natoa hii waya. Na wewe pia."

Hapo ndipo Kebaso alipokosea, maskini, kwa kukipenda mno kisanduku chake. Aliwapanga wanawake mstari, akawafokea. "Majani yakikwama, usiguse. Ukiogopa, usiguse. Gusa tu kama mashine imeshika mtu. Mmesikia?"

"Tumesikia, fundi."

Siku kumi na moja mashine haikusimama. Kebaso alitembea kifua mbele.

Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha tangu alfajiri, majani yakaja mazito. Yunia, mjane kutoka Chepilat, alikuwa amesimama karibu na rola zinazoyavuta majani ndani ya mashine. Mkono wa kulia wa sweta yake ukanaswa. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, na waya uko pale pale juu ya kichwa. Hakuugusa. Alivuta sweta, akavuta tena, amefumba midomo. Chepkorir ndiye aliyemwona, akaurukia waya. Tak! Rilei haikukosea hata chembe, lakini rola zilikuwa zimeshapita kifundo cha mkono.

Katika pikapu ya kwenda hospitali Kaplong, Kebaso alimpakata kichwa. "Mama, kwa nini hukugusa?"

"Ilikuwa imeshika sweta tu," Yunia alisema polepole. "Wewe ulisema mtu."

Kebaso aliporudi kiwandani jioni, mashine ilikuwa imeshaoshwa na inanguruma. Meneja alimpiga begani. "Waya nafanya kazi. Mzuri sana."

Kando ya mkanda wanawake wote walikuwa wamevua sweta. Walichambua majani mikono wazi katika baridi ile, na hakuna aliyeinua macho kuutazama waya.