Miche Iliyolala Nyakatuntu

Sperancia alifunua nyasi za kivuli, moyo ukampasuka. Miche ya kahawa aliyoiacha jana ikiwa wima ilikuwa imelala, upande mzima wa kitalu, kana kwamba mtu ameimwagia maji ya moto. Majani yalikuwa bado mabichi. Shina tu, pale linapogusa udongo, lilikuwa limenywea na kuwa jeusi.

Wenzake wa kikundi cha wakulima wa kahawa walipofika hawakuuliza kimetokea nini. Waliuliza ni nani.

"Nani anashinda humu?" alisema Placidius, shemeji yake Sperancia, fimbo yake ikimwelekea Nyirabageni, kibarua aliyekuwa akimwagilia kitalu. "Juzi tumemkatalia kuingia kikundini, leo haya. Mnataka ushahidi gani tena?"

"Baba, nimemwagilia nilivyoagizwa," alisema Nyirabageni. "Asubuhi na jioni."

"Maji ya moto!" Placidius alimkatiza.

Nyirabageni alizaliwa hapahapa Nyakatuntu na kubatizwa hapahapa, lakini siku ya shida watu walikumbuka kwamba mama yake alitoka Rwanda. Na kibanda alicholala kilikuwa cha Placidius.

"Jua lisizame ukiwa kwangu," Placidius alimwambia.

Macho yote yakamgeukia Sperancia, mwenyekiti wao. Naye alikuwa ameanza kumtazama Nyirabageni kwa jicho jingine. Hapo akakumbuka dumu lililokatwa, nyuma ya jiko lake, alimopanda mbegu zilizosalia katika udongo uleule wa kitaluni. Aliondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amelikumbatia, akalitua mbele yao. Miche iliyokuwamo ilikuwa imelala vilevile.

"Hili nalimwagilia mwenyewe. Hakuna mwingine anayeligusa."

"Basi amekuingilia hadi kwako."

"Kwangu kuna mbwa, shemeji. Hata wewe huingii bila kuita."

Sperancia alimpigia simu Adelard, afisa ugani, aliyekuwa Bugomora. Walimsubiri wakiwa wamesimama, Nyirabageni peke yake upande mmoja, wao upande wa pili. Pikipiki ilipofika, Adelard alichuchumaa, akang'oa mche, akauminya shina.

"Udongo mlichota wapi?"

"Palipokuwa na kitalu cha nyanya," Sperancia alijibu.

"Nyanya zilianguka hivihivi?"

Watu walitazamana. Zilianguka.

"Huu ni ugonjwa wa kinyausi. Ni ukungu unaokaa udongoni. Mkaupa mbegu zilizobanana, kivuli kizito na maji mara mbili kwa siku. Haukuhitaji mtu wa kuusaidia."

Aliyeusomba udongo ule kwa toroli alikuwa Placidius. Fimbo yake ilishuka.

"Sikujua," alisema.

"Na yeye je, alijua?" Sperancia alimuuliza.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya, na mvua ingemaliza kila kitu. Adelard aliwahimiza. Waliing'oa miche iliyougua pamoja na udongo wake, wakaipeleka mbali kuchomwa. Wakapunguza nyasi za kivuli ili upepo upite, wakachimba mifereji ya kutoa maji. Tangu siku hiyo wangemwagilia asubuhi tu, tena udongo ukiwa umekauka juu. Udongo wa kitalu kijacho utoke kwingine, ufunikwe kwa nailoni juani hadi joto liuue ukungu.

Katikati ya kazi Sperancia aliinua kichwa. Nyirabageni hakuwepo.

Alimkuta kibandani akifunga godoro kwa kamba.

"Dada, wameelewa. Rudi."

"Kama miche ya dumu lako isingeanguka, ungenitetea?"

Sperancia aliinama, akamshikia ncha ya kamba.

Nyuma yao Placidius alikuwa amefika, kofia mkononi. "Mama, kaa. Kibanda ni chako."

"Asante, baba. Nimeshatoka."

Mvua ilianza kudondoka. Sperancia alilitwaa godoro, akalitwika kichwani, akatangulia kwenda nyumbani kwake mwenyewe. Baada ya kusitasita, Nyirabageni alichukua sufuria zake na kumfuata.

Miche iliendelea kuanguka kwa siku chache, kisha ikakoma. Zaidi ya nusu ilipona. Nyirabageni ndiye aliyeendelea kuimwagilia, asubuhi tu, na kikundi kilipomwita ajiandikishe alisema atafikiri.