Mbuzi wa Sikukuu ya Jumuiya

Tangu aajiriwe kufundisha Kibiti, Deusdedit alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia: huku anaingia, kule anatoka, na pa kutulia hapaoni. Jumuiya yao ya Kikatoliki ilikuwa nyumba chache za walimu, wauguzi na wachuuzi kutoka bara, katikati ya majirani Waislamu, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Yeye hana. Kwaya alijaribu; Richard, mwalimu wa kwaya, akamwambia kwa upole kwamba sauti ile inafaa kuitia ng'ombe. Kusoma Neno alijaribu; akasoma kama anayekimbizwa. Kila akisali aliuliza lile lile: ikiwa waamini ni viungo vya mwili mmoja, mimi ni kiungo gani?

Sikukuu ya jumuiya ilipofika, alipewa kuni na maji.

"Uangalie moto," alisema Mama Honorata, muuguzi na mwenyekiti wao. "Mzee Mfaume wa nyumba ya pili atakuja kutuchinjia mbuzi."

Mzee akakawia. Maji yakachemka, jua likapanda. Deusdedit akakaa, akasimama, akakaa tena. Kwao Ngara baba yake alichinja mwenyewe, wala hakungoja mtu. Pengine, aliwaza, hii ndiyo kazi aliyoniwekea Mungu. Akashika kisu.

Mama Honorata alimkuta mbuzi ananing'inia, amekwisha kuchunwa nusu.

"Nani kachinja?"

"Mimi, mama. Niliona tunachelewa."

Mama akakaa juu ya ndoo. "Mwanangu, sufuria hizi ni za Bi Mwanabaraka, mke wa Mfaume. Mikeka ni yake. Maji umeteka kisimani kwao. Tumewaalika mtaa mzima, na nyama uliyochinja wewe hawali."

"Basi tutajifungia tule wenyewe, kama wachawi," alisema Richard, aliyekuja nyuma ya mama.

Deusdedit aliondoka bila kuaga. Alitaka kufika chumbani kwake, afungashe, aombe uhamisho. Lakini njia ilipita mlangoni kwa Mfaume, na mzee ndiyo kwanza alikuwa anatoka, kisu chake kimefungwa kitambaani.

"Mwalimu, umenifuata? Niwie radhi, nilikuwa na mgeni."

Angeweza kuitikia tu na kupita.

"Shikamoo, mzee. Nimeharibu. Nimechinja mwenyewe. Kwa haraka sikukumbuka kwamba nyinyi hamtakula."

Mzee alimtazama, kisha akaita ndani: "Mwanabaraka, njoo umsikie mwalimu."

Bi Mwanabaraka alisikiliza, akacheka hadi akashika mlango. "Mtoto wa watu kaona kisu kinalala bure. Haya, sikiliza. Samaki hachinjwi. Kimbia sokoni, kambale wa mtoni hawajaisha. Na sufuria yangu kubwa msiitie nyama yenu. Niletee hapa, nitawapika mwenyewe kwa nazi."

Akakimbia. Akarudi na samaki, akafuata sufuria, akatumwa nazi, akatumwa ndimu. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kueleza chungu kipi ni cha nani, na kila mlango aliungama upya, na kila mlango ulimcheka na kumkaribisha maji.

Mchana mikeka ikatandikwa. Watu walikula wakichanganyika, mbuzi huku, kambale kule. Deusdedit alizunguka na birika na karai akinawisha mikono.

"Kiguu na njia, kaa basi ule," Richard alimwambia.

"Mwache," alisema Mama Honorata. Akamvuta kando. "Alhamisi kwa Mfaume kuna hitma ya marehemu mama yake. Jumuiya itatuma mtu, na mtu huyo ni wewe. Mambo yetu yote na majirani, kuanzia leo ni yako."

"Mimi niliyeharibu?"

"Miaka yote tunaazima sufuria zao. Ni nani kati yetu aliyeingia kila nyumba mtaa huu? Wewe, leo, kwa kosa lako."

Hakujua kama atayaweza.

"Nikifika nifanye nini, mama?"

"Uulize kwanza."

"Kisha?"

"Kisha usishike kisu."

Akamwaga maji ya karai, akaenda mkekani kwa Bi Mwanabaraka kuuliza watu wa hapa wakienda hitmani hubeba nini.