Kopo la Baba Mkwe

Dereva wa bodaboda alipouliza kama ndani ya boksi lile la barafu kuna samaki wa Ikola, Minza alimjibu kwamba ni chanjo ya kuku. Uongo ulimtoka bila hata kuutafuta. Angesemaje? Kwamba amebeba choo cha baba mkwe wake ndani ya kopo lenye mfuniko wa bluu, na kwamba lazima kifike maabara mjini Mpanda kabla ya saa tatu? Kuna ukweli ambao ukiusema juu ya pikipiki, dereva anaweza kuingia mtaroni na nyote mkaumia.

Kwa Wasukuma hili halikuwa jambo dogo. Tangu aolewe, miaka kumi na minne sasa, Minza hakuwahi kulitamka jina la mzee Luhende. Hakukalia kigoda chake, hakuingia chumbani kwake, na alimsemesha kwa wingi, utadhani mzee yule mmoja ni ukoo mzima. Sasa ukaja utafiti na kopo lake. Lyamba, mume wa Minza, alikuwa mbali huko akifuata malisho na ng'ombe, simu haishiki. Mama mkwe alishafariki. Nyumbani walibaki ng'ombe wachache wa maziwa, watoto wadogo, Minza na mzee. Na mzee alikuwa anaisha.

Mwaka mzima alikuwa akijikunja kwa maumivu yanayoanzia juu ya tumbo na kutokea mgongoni. Alikula, lakini alikonda, mpaka shati likawa linamning'inia. Hospitalini walisema ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, kimevimba miaka na miaka hadi kimechakaa. Kaka yake alikufa kwa saratani ya hapo hapo. Ilipogundulika, alikuwa amebakiza wiki tatu. Ndiyo maana watafiti walipokuja wakitafuta wagonjwa wa kongosho, Minza ndiye aliyemsihi mzee akubali. Alitaka kujua kinachomla baba ni nini, na alitaka kukijua mapema.

Asubuhi ile mzee aliliacha kopo juu ya gogo karibu na zizi, akakohoa mara mbili, akaenda zake nyuma ya nyumba. Ndipo Minza akatoka, akalichukua bila kuangalia ndani. Aliona wamefanya jambo gumu kwa heshima zote, bila kutazamana. Njia nzima alikuwa karibu kujivunia.

Maabara alimkuta Naseeb, mpimaji kijana wa mtaa wa Kashaulili hapo mjini, mtoto wa muuza vitenge, mpole kuliko umri wake. Alilipokea kopo, akavaa glavu, akaingia nalo ndani. Hazikupita dakika kumi akatoka, na usoni alionekana anatafuta pa kuanzia.

"Dada Minza, samahani. Mzee wetu siku hizi anakula nini?"

"Uji. Ugali kidogo na maziwa."

"Na majani?"

"Mboga za majani anakula, eeh."

"Siyo mboga, dada. Nyasi."

Minza aliomba aone. Hakuhitaji hata kusogea karibu. Mtu aliyekulia zizini hahitaji darubini kwa mambo kama hayo, harufu peke yake ilimtosha. Yalikuwa mavi ya ng'ombe, tena ng'ombe mwenye afya njema kabisa.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Naseeb naye, masikini, akajaribu kucheka ili asimwache peke yake. Kisha kicheko kikageuka, na Minza akajikuta analia kwenye benchi la maabara mbele ya watu asiowajua.

Naseeb alikaa pembeni yake akangoja atulie. "Ngoja nikueleze," alisema. "Sisi tunatafuta alama. Kongosho likichakaa linaleta mengine. Kuna wanaopata kisukari, kuna ambao chakula kinapita tu bila kusagwa, kuna wanaoota uvimbe wa saratani. Kwa nje wote wanakonda, wote wanalia tumbo. Tunataka tujue ni alama gani kwenye damu na kwenye choo inayomtofautisha huyu na yule, ili mtu wa huku asisubiri mpaka asafirishwe mbali akiwa ameshachelewa. Sasa hiki ningekiweka kwenye mashine bila kuangalia, ingesema kongosho la mzee limekufa kabisa."

"Na damu yake mliyochukua inasemaje?"

Naseeb alivuta pumzi. "Kuna alama moja imepanda. Saratani inaipandisha. Lakini hata kongosho lililovimba tu linaipandisha. Peke yake haitoshi kusema. Daktari anataka picha ya tumbo, anataka na choo, avisome pamoja. Na gari la sampuli linaondoka kesho saa sita mchana."

Minza alirudi nyumbani na boksi, ndani yake kopo jipya tupu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya zizi. Minza akapiga magoti mbali kidogo, uso ameuelekeza pembeni kama ilivyo desturi.

"Baba, mmenipa cha ng'ombe."

Mzee Luhende hakukana. Alichorachora chini kwa fimbo yake kwa muda. "Mayu," alisema, maana tangu siku ya kwanza alimwita hivyo, mama, kwa Kisukuma. "Mikono hiyo ndiyo inanisongea ugali. Leo niibebeshe choo changu? Cha ng'ombe umekishika toka utoto, hakina aibu. Nikaona afadhali nife na ugonjwa wangu kuliko nikuvunjie heshima."

Hasira ilimpanda Minza. Ilipanda pamoja na upendo, na hakuweza kuvitenganisha.

"Baba, nilikaa hapa miaka sita bila mtoto. Ndugu zenu wakaja, wakakaa pale pale, wakasema nirudishwe kwetu. Nyie mliwajibu nini?"

Fimbo ikasimama.

"Niliwaambia mtoto harudishwi," mzee akasema taratibu.

"Basi kama mimi ni mtoto, niacheni nibebe cha baba yangu. Kama ni mkwe tu, mngenirudisha siku ile ile. Mimi heshima sina haja nayo, baba. Nawataka nyie."

Mzee aliinuka kwa shida, akaingia ndani, na siku ile hawakusemeshana tena. Minza alipika, akatenga, akafua, huku hajui kama ameokoa kitu au ameharibu.

Asubuhi alikuwa anachochea moto jikoni. Hakusikia kikohozi. Alipogeuka alimwona mzee amesimama mlangoni, mahali ambapo hakuwahi kusimama miaka yote ile, na kopo mkononi. Hakuliweka chini. Alimnyooshea, naye Minza akalipokea kwa mikono miwili, mkono kwa mkono. Lilikuwa bado na joto.

"Nenda salama, mayu," mzee akasema.

Wiki tatu baadaye waliitwa wote wawili. Daktari, mama mmoja wa makamo, alipoanza kueleza habari za choo, Minza akainuka atoke nje kama mkwe anavyotakiwa. Mzee akamshika upindo wa kitenge.

"Kaa," alisema. "Umekibeba, sikiliza na majibu yake."

Daktari akaeleza pole pole. Picha hazikuonyesha uvimbe. Choo kimeonyesha kwamba kongosho limekaribia kuacha kutoa maji yake ya kusaga chakula, kwa hiyo mzee anakula, lakini chakula hakimfikii. Kuna vidonge vya kumeza pamoja na kila mlo. Sukari wataipima, na kwa sababu ya ile alama kwenye damu, na ya marehemu kaka yake, atarudi kila miezi mitatu achunguzwe tena.

"Ya kesho sikuahidi, mzee," daktari akasema. "Lakini kwa leo sioni saratani. Unakonda kwa njaa, na njaa hiyo tunaiweza."

Mzee Luhende aliigeuzageuza kofia yake magotini. Kisha akamgeukia Minza, akamtazama usoni kabisa, jambo lililokuwa geni kwao wote wawili.

"Mayu," alisema, "siku Lyamba anawaondoa ng'ombe, nilisimama mlangoni mwa zizi nikawaaga. Mmoja mmoja, kwa jina lake. Nikajua hatuonani tena. Sasa wakirudi nitawaambia nini?"

Minza aliyafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Wakirudi muwaamkie tu, baba."