Pua, Vidonge na Hamira

Pale bekari kila mtu ana jina alilopewa na kazi. Mwenzangu wa meza ya kukandia tunamwita Pua, na si kwa ubaya: akinusa unga tu, anakwambia gunia lililala karibu na mafuta ya taa. Mimi naitwa Mizani kwa sababu ndimi ninayepima, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya umbo langu. Hao nawajua, na mikate yao ya kwenda nayo nyumbani huwa nawachagulia mimi, ile iliyoungua.

Jumatatu ile Fundi Mkuu alikuwa anaanza wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na Mama Bosi alikuwa ameahidi kumtaja mrithi wake siku hiyohiyo. Wote tulijua ni Pua. Pua mwenyewe alijua kuliko sisi, maana alikuja na kitambaa kipya cha kichwa. Basi nilishangaa kumwona, mara tu alipofungua boksi la hamira mbichi tunayoiweka kwenye friji, anaziba mdomo na kukimbilia sinki.

"Vipi wewe?" nikamuuliza. Nilikuwa na mafua ya kufa mtu. Siku hiyo ungeniwekea samaki aliyeoza mbele yangu ningedhani ni waridi.

"Usipige kelele," akasema huku akijifuta. "Nimekwisha."

Nikaelewa. Mimba zake zote mbili zilitangazwa na hamira. Kabla ya kipimo, kabla mume hajaambiwa, akiinusa tu, anatapika. Na mara zote mbili Mama Bosi alimhamishia kwenye dirisha la wateja kufunga keki hadi alipojifungua, na aliporudi akakuta meza ina mwenyewe.

"Si unameza vidonge?"

"Kila siku nikishapiga mswaki! Sijaruka hata kimoja. Lakini mwezi uliopita mgeni alikuja akachungulia tu mlangoni. Mwezi huu hata hodi hakupiga. Nikasema labda uchovu. Sasa hamira imeniumbua."

"Mwambie Mama Bosi basi..."

"Leo? Una wazimu?"

Akajifunga leso puani, akamwaga hamira kwenye unga, akaanza kukanda kama mtu aliyempata adui yake. Roho iliniuma. Miaka yote hiyo ameitamani ile nafasi, halafu imponyoke siku yenyewe.

Tulipoufunika unga uumuke, nikamkokota hadi zahanati ya ng'ambo ya barabara, na aproni zetu mwilini. Nesi aliyekuwa zamu ndiye aliyempa vile vidonge. Akampa kikopo cha mkojo, akapima, akatuonyesha mstari mmoja.

"Huna mimba."

"Angalia vizuri, Sista."

"Nimeangalia. Hivyo vidonge vinafanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi uwe mwembamba, kwa hiyo damu inapungua. Kwa wengine haionekani kabisa. Si nilikueleza siku ile?"

"Ulisema itapungua. Hukusema itahama." Pua akamsogelea. "Na hiyo damu isiyotoka inakwenda wapi? Shangazi yangu anasema inapanda kichwani."

"Kichwani ikafanye nini? Haijajikusanya popote. Hujakanda unga, unauliza mkate uko wapi?"

Pua alicheka mpaka akakaa chini. Nesi akamwambia akisahau vidonge, au wasiwasi ukimzidi, arudi apime tena, asiviache kimyakimya. Tukaitikia wote wawili kana kwamba tumeandikiwa pamoja. Tukatoka tumeshikana mikono kama wasichana wa shule.

Katikati ya barabara Pua akasimama. Pikipiki ikatupigia honi.

"Kama sina mimba," akasema, "kilichonitapisha ni nini?"

Tukatazamana. Kisha tukatimua mbio.

Tulikuwa tumechelewa. Friji ilizimika mwisho wa wiki bila mtu kujua, na hamira ikaharibika. Unga wote wa asubuhi ulikuwa umelala bapa kwenye mabeseni, hauna habari. Fundi Mkuu aliubonyeza kwa kidole, shimo likabaki palepale. Mama Bosi alikuwa amesimama mikono kiunoni, na wanaume watatu wanaochoma mikate nyuma yake.

"Hakuna aliyenusa?" akauliza.

Nikafungua mdomo nijitwishe lawama mimi na mafua yangu. Pua akaniwahi.

"Mimi nilinusa, Mama. Nikanyamaza. Hedhi yangu haikuja, nikadhani nina mimba, nikaogopa ukijua utanirudisha dirishani. Kumbe ni vidonge vya kupanga uzazi tu."

Ghafla wale wanaume wakagundua kwamba dari ina mambo mengi ya kutazama.

"Nilikuhamisha kwa kukuonea huruma," akasema Mama Bosi.

"Najua. Lakini hukuniuliza."

Hilo lilimwingia. Aliyatazama mabeseni, akamtazama Pua, akarudi kwenye mabeseni, na mimi pembeni nikaomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga.

"Sawa," akasema mwishowe. "Siku ukiwa na mimba utaniambia unataka kufanya kazi wapi, na mimi nitakusikiliza. Lakini ukinusa kitu kibovu ukanyamaza tena, hata hilo dirisha utalikosa." Akavuta pumzi. "Haya, Fundi Mkuu, unga huu tunaufanyaje?"

Mzee akakohoa, tayari kujibu. Ndipo alipoona kwamba Mama Bosi hamtazami yeye.

Pua akakinyoosha kitambaa chake kipya cha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta.

"Tunaumwaga wote," akasema. "Na nyie mnaotazama dari, hayo mabeseni yaoshwe."